Louis Braille, Aliyewapa Wasioona Kalamu



Wengi wetu tumewahi kumwona mzee aliyekuwa akisoma somo la Jumapili akianza kujitoa polepole. Wiki moja anasema amesahau miwani nyumbani. Wiki nyingine anaomba kijana asome kwa niaba yake kwa kuwa koo linamkereketa. Mwishowe anahamia viti vya nyuma, hashiki tena kitabu cha nyimbo, na sisi tunadhani amepoa kiroho. Kumbe macho yanamwacha, naye anaona haya kusema.

Kwa ajili yake, na kwa ajili ya nyumba zetu ambamo jambo hili limeshaingia, Jumapili hii tunasimulia maisha ya Louis Braille. Jina lake limekuwa jina la maandishi yenyewe: yale ya nukta nundu, yanayosomwa kwa ncha za vidole, ambayo wengine wetu tumezoea kuyaita breli.

Mtoto wa fundi ngozi

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kama kilomita 40 mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanne wa Simon-René Braille na mkewe Monique. Baba alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima siku zile, maana farasi ndiye aliyelima, aliyebeba mizigo na aliyesafirisha watu. Karakana yake ilikuwa hapohapo nyumbani, imejaa ngozi, visu na vyuma vya kutobolea.

Mwaka 1812, Louis akiwa na miaka mitatu, aliingia karakanani akacheza kufanya kazi kama alivyomwona baba. Alishika chombo chenye ncha kali, kikateleza, kikamchoma jicho moja. Wakati ule hapakuwa na dawa za kuua vijidudu. Jicho lilivimba na kutunga usaha, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Mzazi yeyote anaweza kuwaza uchungu wa baba yule. Chombo kilicholisha nyumba ndicho kilichompofusha mwanawe. Wazazi wengi wangemfungia mtoto ndani kwa huruma na hofu, na wengi wa watoto wasioona wa enzi ile waliishia kuombaomba njiani. Simon-René na Monique walishika njia nyingine. Baba alimchongea fimbo, na Louis akajifunza vichochoro vya kijiji kwa kupapasa na kusikiliza. Nyumbani alipewa kazi zake za kufanya. Inasimuliwa pia kwamba baba alipigilia misumari yenye vichwa vya duara katika umbo la herufi, ili mtoto azijue herufi kwa kugusa.

Mwaka 1815 kijiji kilipata kasisi mpya, Jacques Palluy. Alimwona mtoto huyu ana akili nyepesi, akaanza kumfundisha yeye mwenyewe. Kisha akamwomba mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, ampokee darasani pamoja na watoto wanaoona. Louis alisikiliza, akakariri, akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alibaki mikono mitupu. Kasisi hakuridhika. Alitafuta msaada kwa mkubwa mmoja wa eneo lile, barua zikaandikwa, na nafasi ikapatikana katika shule ya wasioona mjini Paris.

Shule ya Paris

Tarehe 15 Februari 1819 Louis aliingia shuleni. Alikuwa na miaka kumi. Sisi tuliowahi kumwacha mtoto bwenini, au kuwaacha watoto kwa bibi yao tulipoondoka kuja nchi ya mbali, tunaijua siku ya namna hiyo.

Shule hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Kabla ya Haüy, watu wengi hawakuamini kwamba asiyeona anaweza kufundishwa kusoma. Kwa hiyo tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule. Lakini jengo lilikuwa la zamani, lenye unyevu na giza, na wanafunzi waliugua mara kwa mara.

Vitabu navyo vilikuwa na shida yake. Haüy alichukua herufi za kawaida, zile zinazosomwa kwa macho, akazikandamiza kwenye karatasi iliyolowa ili zivimbe. Mwanafunzi alipitisha kidole juu ya kila herufi, akifuata mikunjo yake yote kabla ya kujua ni herufi gani. Alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamponyoka. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, na vilikuwa vichache mno. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuweza kuandika chochote kwa mkono wake mwenyewe akakisoma. Alikuwa msomaji bila kalamu.

Haüy hakuwa na nia mbaya. Alipenda herufi zile kwa sababu yeye mwenye macho alizitambua mara moja. Kidole hakisomi kama jicho, na hilo lilihitaji mtu mwenye kutumia kidole ili lijulikane.

Nukta sita

Mwaka 1821 afisa mmoja wa zamani wa jeshi la mizinga, Charles Barbier, aliileta shuleni hapo njia yake ya kuandika kwa nukta zilizotuna. Wanafunzi waliijaribu, na mara moja waligundua kwamba nukta hujulikana kwa kidole upesi kuliko mstari uliojikunja. Louis wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili.

Hata hivyo njia ya Barbier ilikuwa na kasoro. Alama moja ilikuwa na nukta hadi kumi na mbili, ndefu kuliko ncha ya kidole, hivyo msomaji alilazimika kupandisha na kushusha kidole kila mara. Iliandika sauti badala ya herufi, kwa hiyo haikufundisha tahajia. Haikuwa na vituo, tarakimu wala muziki.

Louis alianza kuirekebisha. Alifanya kazi usiku wenzake walipolala, na wakati wa likizo akaendelea nayo kijijini Coupvray. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano tu, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekamilika.

Alipunguza nukta kutoka kumi na mbili hadi sita: safu mbili zilizosimama, kila moja nukta tatu. Ncha ya kidole kimoja inagusa zote kwa pamoja bila kusogea juu wala chini. Kwa kuweka nukta hapa na kuiacha pale, zinapatikana alama 63. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ongeza ile iliyo chini yake, ni B. Mbili za juu zilizo sambamba ni C. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu peke yake. Kumi zinazofuata ni zilezile, zikiongezewa nukta ya chini kushoto. Mtoto anaweza kuelewa mpango wake mchana mmoja, ingawa kidole kinahitaji miezi kuzoea.

Jambo moja litawafurahisha wasemaji wa Kiswahili. Louis hakuweka W katika orodha yake ya kwanza kwa kuwa Kifaransa cha wakati ule hakikuwa na haja nayo. Iliongezwa baadaye. Bila W tusingeweza kuandika Bwana, wala watu, wala wewe.

Cha kuandikia kilikuwa kibao chenye vijidirisha na kalamu ya chuma yenye ncha. Mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma nundu zilizotokea upande wa pili. Kalamu ile inafanana sana na vyombo vya kutobolea ngozi vya karakana ya baba yake.

Mwaka 1829 Louis, sasa ana miaka ishirini, alichapisha kitabu cha kueleza njia yake ya kuandika maneno, muziki na nyimbo za ibada. Muziki haukuwa pambo. Kazi iliyompa mtu asiyeona riziki ya heshima katika Paris ya wakati ule ilikuwa kupiga kinanda kanisani, na mpiga kinanda aliyeweza kujiandikia noti hakuhitaji tena kukariri kila kitu kutoka kinywani mwa mwingine. Louis mwenyewe alipiga kinanda cha kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs kwa miaka kadhaa.

Kukataliwa

Louis alibaki shuleni kama mwalimu msaidizi, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Wanafunzi walizipenda nukta zake. Wakaandika masomo yao, barua zao na siri zao. Mkuu wa shule, Alexandre-René Pignier, aliwaunga mkono. Lakini wenye mamlaka juu ya shule hawakuzikubali kuwa maandishi rasmi. Walimu wengine wanaoona walisema hazifanani na herufi za watu, na kwamba zingejenga ukuta kati ya wasioona na jamii.

Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, akaingia Pierre-Armand Dufau. Huyu alileta aina nyingine ya herufi zilizotuna, vitabu vya zamani vikachomwa moto, na nukta zikapigwa marufuku. Inasimuliwa kwamba wanafunzi waliponyang'anywa kalamu zao walitoboa nukta kwa sindano za kufumia na chochote chenye ncha, wakafundishana usiku. Mtu aliyeonja kuandika mawazo yake mwenyewe hawezi kurudishwa kirahisi kwenye kungoja kusomewa.

Louis hakujibu kwa matusi. Ile hofu ya ukuta aliichukua kwa uzito. Mwaka 1839 alikuwa ameshatoa njia ya pili, ambayo kwayo asiyeona anaweza kuchora herufi za kawaida kwa nukta, zikasomwa na mtu mwenye macho. Rafiki yake Pierre Foucault, ambaye naye hakuona, alitengeneza mashine ya kuiharakisha. Sasa kijana wa shuleni angeweza kumwandikia mzazi anayeona bila mtu wa tatu kuingilia habari za nyumba yao.

Naibu wa Dufau, Joseph Guadet, aliwaangalia wanafunzi kwa muda, akabadili mawazo, akamsaidia na mkuu wake kubadili yake. Mwezi Februari 1844, shule ilipozindua jengo jipya, Guadet alieleza njia ya Louis mbele ya wageni, na wanafunzi wakaandika na kusoma nukta hadharani. Marufuku ikaisha. Louis alikuwepo, lakini mwili wake ulikuwa tayari umechoka.

Mwisho wa safari

Tangu miaka yake ya ishirini alikuwa na kifua kikuu. Alipumzika Coupvray mara nyingi, akarudi kazini, akashindwa tena. Waliomjua walimkumbuka kama mtu mpole na mkarimu. Inasimuliwa kwamba aliacha kisanduku na agizo kwamba kichomwe bila kufunguliwa. Kilipofunguliwa, zilikutwa karatasi za madeni ya wanafunzi aliokuwa amewakopesha fedha. Hakutaka mtu yeyote awadai.

Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kijijini kwao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, Ufaransa ilizikubali rasmi nukta zake. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulizipitisha. Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishiwa Panthéon mjini Paris, wanakozikwa watu wakuu wa taifa lile. Mikono yake watu wa Coupvray waliomba ibaki nyumbani, na iko huko hadi leo.

Nukta zake zilifika na kwetu, mara nyingi kwa mkono wa makanisa. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, Tanzania, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huadhimisha kila tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis, kuwa Siku ya Braille Duniani.

Tunajifunza nini

Tukiyatazama maisha haya, tunaona kwamba Louis hakufika peke yake. Kulikuwa na baba wa fimbo, kasisi wa kijiji, mwalimu aliyekubali mwanafunzi asiyeweza kuona ubao, na mkuu wa shule aliyewaacha vijana wajaribu. Kila mmoja alimpa chombo au nafasi, kisha akamwachia afanye kazi. Waliomrudisha nyuma nao walikuwa watu wenye nia njema. Kosa lao lilikuwa kuamua kwa niaba ya asiyeona kitu kinachomfaa, bila kumwuliza.

Bwana wetu alimwuliza. Umati wa Yeriko ulimnyamazisha Bartimayo, lakini Yesu alisimama, akamwita, akataka yeye mwenyewe aseme anataka kufanyiwa nini.

Sisi mara nyingi tunafanana na umati. Mama akipungukiwa na macho, tunamnyang'anya kisu cha jikoni, tunamkatia chakula, tunamwongelea kwa daktari, tunamkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni asiyoiona. Tunaita hiyo heshima. Baada ya mwaka mmoja mama aliyelea watoto sita hajui tena kazi yake ni nini hapa duniani.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Kwanza, kupima macho. Presha ya macho huharibu kuona polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi, ila dawa zinaweza kulinda kilichobaki. Watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi. Mwenye kisukari anapaswa kupimwa ndani ya jicho kila mwaka. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Tusikae kimya tukidhani ni uzee tu.

Pili, kwa sisi tulio hapa Marekani, kila jimbo lina ofisi ya serikali ya kuwahudumia watu wanaopoteza kuona. Wanafundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, kupika kwa usalama, kupanga dawa na kutumia kompyuta, na upo mpango maalumu kwa wenye miaka 55 na zaidi. Tukienda tuombe mkalimani. Pia ipo huduma ya vitabu iliyo chini ya Library of Congress, inayojulikana kwa herufi NLS. Huazima vitabu vya kusikiliza na vya nukta nundu, pamoja na mashine ya kusikilizia, kwa njia ya posta na bila malipo. Si lazima mtu awe haoni kabisa. Anayeshindwa kusoma maandishi ya kawaida hata akivaa miwani anaweza kuomba.

Tatu, simu iliyoko mfukoni. VoiceOver kwenye iPhone na TalkBack kwenye simu za Android zimo tayari ndani ya simu, na husoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Vijana wetu, hii ni kazi yenu. Kaeni na babu au shangazi jioni moja, kisha nyingine, hadi aweze kujipigia simu mwenyewe. Msimfanyie. Mfundisheni, halafu ondoeni mikono.

Na hapa kanisani, tuulize. Tumwulize mzee wetu kama angependa maandishi makubwa, au somo litumwe kwa sauti kabla ya Jumapili ili alishike moyoni na kulitoa mbele yetu. Tumwulize kama anahitaji mkono wa kumwongoza, na tumpe kiwiko chetu akishike yeye badala ya sisi kumvuta. Tukimsalimu tutaje majina yetu, asilazimike kubahatisha.

Isaka macho yake yalififia, na bado baraka ilikuwa mikononi mwake. Tuwaombee wote katika familia zetu ambao nuru ya macho inawapungua, na wale wanaoficha kwa aibu wapate ujasiri wa kusema. Kama ni wewe, au ni mtu wa nyumbani kwako, tuone baada ya ibada. Tutakaa pamoja, tutapiga hizo simu pamoja, na zamu yako ya kusoma somo itakungoja.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.